Jinsi ya kuingia kwenye kazi ya redio na sauti ukiwa huoni

Haupiti mwezi bila mtu kunipigia simu na swali lile lile: "Kaka, mimi sioni, lakini sauti ninayo. Nianzie wapi?" Wengine wamezaliwa hivyo, wengine uoni umewatoka ukubwani, wengine wana uoni hafifu unaopungua kila mwaka. Nimekuwa nikiwajibu vipande vipande, leo hiki kesho kile, na naona nawapunja. Ndiyo maana nimeketi kuandika yote kwa mpangilio ambao ningefurahi kuupata mwenyewe nilipoanza.

Moja nalitanguliza kwa sababu mengine yote yanaliegemea: jifunze kuhariri sauti kwa mikono yako. Wenye sauti nzuri ni wengi. Mtangazaji asiyeona anayemngoja mwenzake amkatie, amsafishie na amhifadhie kazi atabaki chini ya ratiba ya huyo mwenzake siku zote, na siku mwenzake akihama kituo, naye kazi imekwisha. Anayerekodi, akakata, akasafisha na kutuma faili iliyokamilika anapewa kazi nyingine kesho yake, mara nyingi na mhariri ambaye hajui hata kama mtu huyo haoni.

Hatua ya 1: Chagua kazi ndani ya kazi

Tukisema "utangazaji" watu humfikiria yule anayesikika tu. Nyuma yake wapo mwandishi wa skripti, mtayarishaji anayetafuta wageni na kupanga maswali, mhariri wa sauti na fundi mitambo. Nje ya kituo kuna matangazo ya biashara, vitabu vya sauti, michezo ya redio, kuingiza sauti kwenye katuni na filamu. Ipo pia kazi ambayo kwa Kiswahili bado ni changa: ufafanuzi wa picha, yale maelezo mafupi yanayopachikwa kati ya maneno ya waigizaji ili asiyeona ajue nani kaingia na nani kashika kisu. Anayeyaandika kwa kawaida anaona, lakini wa kumwambia pale umeacha pengo, au pale umesema mno, ni sisi.

Chagua mbili, usichague sita. Mimi ningekushauri moja iwe ya mdomo na nyingine iwe ya mkono, mfano kusoma matangazo na kuhariri. Siku mafua yamekukaba, mkono unakulisha.

Na usidhani unafungua njia ambayo haijawahi kupitwa. Peter White, Mwingereza aliyezaliwa haoni, alianza kuendesha In Touch, kipindi cha BBC cha wasioona, mwaka 1974, na kipindi chenyewe kilianza 1961. Huyo huyo ametangaza kwa miaka mingi You and Yours, kipindi cha masuala ya wanunuzi na huduma, ambacho hakihusu upofu. Jirani zetu Kenya wana Crystal Asige, mwanamuziki aliyepoteza uoni kwa ugonjwa wa presha ya macho, akateuliwa kuwa seneta 2022, na kuusimamia mswada uliokuja kuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025.

Hatua ya 2: Anza na simu na kabati la nguo

Usikope fedha za vifaa. Simu uliyonayo inatosha miezi mitatu ya kwanza. Washa kisoma skrini chake, yaani programu inayokusomea kwa sauti kilichopo kwenye kioo: kwenye Android ni TalkBack, kwenye iPhone ni VoiceOver. Kisha tumia programu yoyote ya kurekodi inayokusomea vitufe vyake vyote. Ukigusa kitufe ikasema "kitufe" bila kutaja jina lake, ifute utafute nyingine.

Tatizo la wanaoanza huwa ni chumba. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mdogo unaorudi, kuta zako zinarudisha sauti, na hakuna programu itakayouondoa mwangwi huo vizuri. Fungua kabati la nguo, simama uso ukiuelekeza ndani kwenye nguo, rekodi hapo. Kama huna kabati, tundika kanga mbili na blanketi zito nyuma ya maiki na jingine nyuma yako, au simamisha godoro ukutani. Zima feni. Chomoa jokofu, halafu weka funguo za nyumba juu yake. Hutatoka nyumbani bila kulirudishia umeme.

Kwa sisi tunaolala chini ya mabati, mvua ni likizo. Saa nzuri ya kurekodi mtaani kwangu ni kuanzia saa tisa usiku hadi kabla ya adhana ya alfajiri, bodaboda zimelala na majogoo hayajaanza. Utaijua ya kwako ukisikiliza wiki moja.

Sasa mdomo. Weka kiganja shubiri moja mbele ya midomo useme "Pemba peponi". Zile pumzi mbili zinazokipiga kiganja ndizo zitakazolipua maiki. Acha kiganja pale pale lakini geuza uso kidogo pembeni, sema tena: pumzi imepita kando, sauti imebaki. Hapo ndipo mahali pa maiki. Mwenye macho angepima kwa kutazama; wewe pima kwa shubiri kila mara, na sauti ya leo itafanana na ya jana.

Kuhusu spika za masikioni: tumia za waya. Za bluetooth huchelewesha sauti, ukibonyeza leo unasikia kesho, na kuhariri kunakuwa mateso. Tena angalia kwamba waya wako hauna kimaiki kidogo, maana simu nyingi huacha maiki yake nzuri na kurekodi kwa hicho kinachokuning'inia shingoni.

Hatua ya 3: Ifanye kompyuta izungumze

Kompyuta ya mkononi iliyotumika, yenye Windows, inatosha. Huna haja ya mtu wa kukuwashia: bonyeza kitufe cha Windows, Control na Enter kwa pamoja, na kisoma skrini kilichomo ndani ya Windows, Narrator, kitaanza kusema. Kitumie kwa safari moja tu, kwenda kwenye tovuti ya NV Access kupakua kisoma skrini chao, NVDA.

NVDA ni ya bure. Iliasisiwa 2006 na vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote hawaoni, waliochoshwa na visoma skrini vilivyouzwa kwa bei ambayo wenzao wengi wasingeimudu. Sauti iliyomo ndani yake, eSpeak NG, inasoma Kiswahili. Ni kavu, ina ukali wa bati, lakini inayajua matamshi yetu kuliko sauti ya Kiingereza inayolitafuna neno "ng'ombe". Bonyeza Insert, Control na V kufungua mipangilio ya sauti, chagua Kiswahili, kisha ongeza kasi kidogo kila wiki. Usikimbilie kasi ya wazoefu.

Tengeneza pia nakala ya NVDA ya kubebeka uiweke kwenye flashi. Hiyo flashi ndiyo fimbo nyeupe ya pili. Unaingia studio ya watu, unaichomeka, kompyuta yao inazungumza nawe bila kusakinishwa chochote, ukiondoka unachomoa.

Mipangilio miwili ya kurekebisha mapema. Kwanza, NVDA inaweza kupunguza sauti nyingine zote kila inaposema, na wewe ukadhani rekodi yako inapanda na kushuka. Insert, Shift na D hubadilisha hali hiyo. Bonyeza mpaka iseme haipunguzi. Pili, Insert na S hubadilisha hali ya usemaji wake; bonyeza mpaka inyamaze. Kijue kitufe hicho kama unavyolijua jina lako, kwa sababu nitakayoieleza.

Miaka yangu ya mwanzo nilikwenda Kilosa kumrekodi bibi mmoja aliyekuwa anaimba nyimbo za kuvunia. Nilikaa naye dakika arobaini. Niliporudi na kusikiliza, kisoma skrini kilikuwa kimesema juu ya sauti yake mwanzo mpaka mwisho: asilimia za betri, ujumbe ulioingia, saa. Nilikuwa nimeacha sauti itoke kwenye spika badala ya masikioni. Nilipopata nauli ya kurudi, bibi alikuwa ameshafariki. Tangu siku hiyo, haijalishi mgeni ana haraka kiasi gani, narekodi sekunde kumi, nazisikiliza, ndipo naanza. Nakuomba ufanye hivyo hivyo.

Hatua ya 4: Kuhariri kwa sikio

Hapa nitakaa.

Anza na Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Ni ya bure na inatii kibodi. R inarekodi, kitufe cha nafasi kinacheza na kusimamisha. Mkato mmoja unakwenda hivi. Rekodi inacheza, unasikia umekosea: "Waziri wa... waziri wa maji". Unarudi nyuma kidogo, unacheza tena. Kosa linapoanza unabonyeza mabano mraba ya kufungua, linapoisha unabonyeza ya kufunga, papo hapo huku sauti inaendelea. Kosa limezungushiwa uzio. Sasa bonyeza C. Audacity itakuchezea kilichopo kabla ya uzio na kilichopo baada yake, ikiruka katikati, bila kufuta kitu. Unasikia mkato kabla ya kuukata. Ukikupendeza, bonyeza Delete. Usipokupendeza, Shift na mshale hupanua uzio, Control na Shift na mshale huubana, na C tena.

Jambo linalowakwamisha wengi wetu: mshale mmoja husogea kiasi gani? Inategemea umeikuza picha ya sauti kwa kiasi gani, picha ambayo huioni na hivyo huifikirii. Control na 1 hukuza, na mshale unakuwa hatua ya siafu. Control na 3 hupunguza, na mshale unaruka kama panzi. Nilihangaika miezi na mikato yangu mibovu kabla ya kuambiwa hilo na mwenzangu asiyeona wa Nairobi kwa simu.

Sasa, wapi pa kukata? Lugha yetu inatupa zawadi hapa. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na neno linalofuata likianza na k, p au t, mdomo hufunga kwa kitambo kidogo mno kabla ya kulipua herufi hiyo. Kitambo hicho ni kimya. Ni tundu la sindano, lakini linatosha kupitisha kisu. Sema polepole "alisema kwamba": kati ya "ma" na "kwa" kuna kimya. Kata hapo na hakuna atakayejua. Chukua sasa "yeye alikuja". Irabu mbili zimekumbatiana, hakuna kimya, na ukikata hapo utasikia kidonda. Rudi nyuma ukakate kabla ya "yeye", au mbele baada ya "alikuja". Mimi nikisikiliza rekodi ya mgeni, nusu ya akili yangu inafuata maana na nusu inahesabu k, p na t.

Jihadhari pia na wimbo wa sentensi. Sauti zetu hushuka mwishoni mwa hoja. Ukimkata mgeni katikati na kumwekea nukta, sauti yake itabaki juu, imening'inia, na msikilizaji atahisi amenyimwa kitu hata kama maneno yametimia. Tafuta mahali aliposhuka mwenyewe. Kama hakushuka, usimkate; punguza kwingine. Hili ni suala la haki pia. Mtu aliyesema "sikubali, isipokuwa..." hana budi kusikika na "isipokuwa" yake.

Usifute pumzi zote. Mtu asiyevuta pumzi anamchosha msikilizaji. Punguza zile zenye mlio wa kukwaruza, acha nyingine. Kila mahali unaporekodi, kaa kimya sekunde ishirini ukirekodi ukimya wa mahali hapo. Utautumia kuziba mianya, kwa sababu ukimya wa sebuleni una harufu tofauti na ukimya wa bustani, na ukimya mtupu wa kompyuta husikika kama shimo.

Ukali wa sauti nao una ujanja wake. Mwenye macho anatazama kile kipimo kinachopanda rangi nyekundu. Wewe chagua rekodi yote, ingia menyu ya Effect, fungua Amplify. Itakuambia namba kabla hujafanya lolote. Ikisema 8, maana yake kilele cha sauti yako kiko desibeli 8 chini ya mwisho wa kipimo. Ukirekodi, lenga vilele vyako viwe kati ya desibeli 12 na 6 chini ya mwisho. Ikisoma sifuri, sauti imegonga dari na imepasuka, rudia. Bonyeza Escape utoke bila kubadilisha kitu.

Mwisho wa kazi, kwenye menyu hiyo hiyo, kuna amri ya kusawazisha ukali kwa LUFS, kipimo cha ukali wa sauti kama sikio linavyousikia. Podikasti nyingi hulenga 16 chini ya sifuri kwa sauti ya stirio. Studio za utangazaji za Ulaya hufuata 23 chini ya sifuri. Wasomaji wa vitabu vya sauti wanaopeleka kazi ACX, jukwaa la vitabu vya sauti la Audible, wanatakiwa kelele ya chumba iwe chini kuliko desibeli 60 hasi, na vilele visipite 3 hasi. Hapo ndipo utalishukuru lile kabati la nguo. Kituo chochote cha hapa nyumbani, muulize fundi mitambo wanataka ngapi. Akishangaa kuulizwa, umeshajitambulisha.

Ukishakuwa mwepesi kwenye Audacity, hamia Reaper, programu kubwa zaidi ya kuhariri, pamoja na OSARA, kiongezi kinachoifanya izungumze na kisoma skrini, ambacho nacho kilianzishwa na James Teh yule yule. Reaper inakuruhusu kuijaribu siku 60, na leseni ya bei nafuu ni dola 60 za Marekani. OSARA inakutajia kila njia ya sauti (track), kila kipande, hata kilele cha sauti kikipita kiwango ulichoweka. Studio zinazofanya kazi za watu wengi kwa wakati mmoja, maigizo ya redio kwa mfano, zinahitaji chombo cha namna hiyo. Lakini usianzie huko.

Hatua ya 5: Sampuli

Sampuli ya sauti yako, ile ya kuwatumia waajiri, iwe sekunde 90, basi. Vipande vitatu: habari, tangazo la biashara, simulizi. Kilicho bora kuliko vyote kianze, maana wengi hawafiki sekunde ya ishirini. Skripti andika mwenyewe. Usisome tangazo la kampuni ambayo haikukutuma, wala usiweke muziki wa mtu chini ya sauti yako.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ujumbe wa sauti wa kawaida unabanwa na ubora unapotea. Jina la faili liwe jina lako na aina ya kazi, si "rekodi mpya 17".

Je, useme huoni? Naulizwa hili kuliko lolote. Maoni yangu: kwenye sampuli na barua ya kwanza, hapana, sauti yako inatosha kujieleza. Wakikuita, waambie kabla ya kwenda, kwa maneno machache, na papo hapo utaje unachohitaji: skripti zije kama maandishi na si picha, kompyuta yenye nafasi ya flashi, na mtu wa kukuonyesha jengo siku ya kwanza. Watu huogopa wasichokijua. Ukiwapa orodha ya vitu vitatu visivyogharimu kitu, hofu inapungua.

Ukiwa na msindikizaji, mwombe abaki mapokezi. Nilikwenda kituo kimoja na dada yangu, na bosi wa pale akamgeukia yeye: "Huyu ataweza kusoma habari?" Mimi nipo, mkono wangu uko juu ya meza yake. Nilimjibu kwa kumpa flashi yenye kipindi cha nusu saa. Hawakunichukua. Kituo cha pili, nilipoingia peke yangu, waliniuliza mimi.

Hatua ya 6: Siku ya kuingia studio

Omba kufika saa moja kabla. Muombe fundi mitambo ruhusa ya kuigusa meza ikiwa imezimwa. Hesabu vitelezi kutoka kushoto: maiki yako ni ya ngapi, simu ni ya ngapi, kompyuta ya muziki ni ya ngapi. Kwenye kitelezi chako bandika kipande kidogo cha plasta ya kidonda. Hakiwasumbui wenzako, na kidole chako kitakipata hata ukiwa unazungumza.

Studio zimejaa lugha ya mikono. Taa nyekundu mlangoni, kidole cha kuhesabu, mkono unaokata shingo kumaanisha funga mazungumzo. Yote hayo kwako ni kimya. Kubalianeni mapema: maneno yapite kwenye spika zako za masikioni, upande mmoja; kama haiwezekani, kugusa bega mara moja ni anza, mara mbili ni malizia. Msifanye hivi kwa kubahatisha mkiwa hewani.

Kusoma habari moja kwa moja kuna njia mbili. Wanaojua nukta nundu wanasoma kwa vidole. Tandika kitambaa chini ya karatasi lisisikike likikwaruza meza. Nyingine ni kufuatisha: NVDA inasoma sikio moja, na wewe unasema nusu sentensi nyuma yake. Inatisha mwanzoni. Zoeza kwa taarifa ya habari ya redio: isikilize na uirudie kwa sauti, maneno matatu nyuma, dakika tano kila asubuhi. Baada ya kama miezi miwili mdomo utakuwa unaweka mkazo wake mwenyewe, na ubati wa eSpeak hautasikika kwako. Skripti igawe kwa sentensi fupi, kila moja mstari wake, ili ukipotea mshale mmoja ukurudishe.

Insert na F12 hukutajia saa. Itasema 19:42, wewe utasema saa moja na dakika arobaini na mbili usiku. Zoea kuigeuza hivyo haraka, kwa sababu wasikilizaji husamehe mengi lakini hawasamehi saa iliyokosewa.

Nikuambie ukweli kuhusu programu za kurushia vipindi: baadhi yake hazizungumzi na kisoma skrini kabisa. Zijaribu kwa flashi yako kabla hujakubali zamu ya peke yako. Zikikataa, kubalianeni fundi aendeshe na wewe utangaze, na umpe mpangilio ulioandikwa dakika kwa dakika. Kugawana kazi hivyo ni kawaida hata kwa wanaoona.

(Wenzetu wanaotumia viti vya magurudumu wameniambia kwamba kwao shida kubwa si meza bali ngazi. Studio nyingi ziko ghorofani na lifti hakuna. Hatua ya 2 mpaka ya 5 zinawafaa bila kubadilisha kitu. Kuhusu ya 6, ulizeni habari ya ngazi siku mnapopigiwa simu, kabla ya kukodi usafiri.)

Hatua ya 7: Karatasi na pesa

Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Kenya, kiwango kinachotajwa ni asilimia 5. Sheria hizi zijue, lakini usifungue nazo mazungumzo. Fungua na sampuli. Sheria iweke mfukoni kwa siku utakapoambiwa "sisi hatuajiri watu kama wewe".

Ukitaka kuwa mwandishi wa habari Tanzania, unahitaji angalau stashahada ya uandishi wa habari na ithibati ya Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Kenya, kadi hutolewa na Baraza la Vyombo vya Habari. Msanii wa sauti Tanzania anashughulika zaidi na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Unapoomba chuo, uliza mapema mitihani wataitoa kwa namna gani, na upate jibu kwa maandishi.

Fedha za vifaa: halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Andiko lako liwe na bei halisi za maiki na kompyuta, na barua ya mteja mmoja aliyekwisha kukulipa. Kenya, jisajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo ndio unaofungua msamaha wa kodi ya mapato na zile zabuni za serikali, asilimia 30, zilizotengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Chama cha Wasioona Tanzania na Umoja wa Wasioona Kenya nao wana watu waliokwisha kupita njia hizi. Waulize.

Mkataba uombe kama maandishi ambayo NVDA inaweza kuyasoma, si picha ya karatasi. Usiweke sahihi ulichosomewa na yule yule anayekulipa. Tafuta humo mambo manne: tangazo litapigwa wapi, kwa muda gani, utalipwa lini, na kama wanaruhusiwa kutumia sauti yako kufundishia mashine inayoiga sauti. La mwisho likiwepo na huna bei yake maalumu, likatwe. Chukua nusu ya malipo kabla ya kurekodi.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza kazini

Karibu kila kituo kitakupa kipindi cha watu wenye ulemavu. Kikubali kama unakipenda. Kinahitajika, na mara nyingi kimefanywa vibaya na wasiotujua. Lakini siku hiyo hiyo omba na kazi nyingine, ya michezo, ya mahakama, ya hali ya hewa, usingoje mwaka uishe. Ukishazoeleka kuwa "yule wa ulemavu" utachukua muda mrefu kutoka humo.

Mimi niliomba bei za sokoni. Mhariri alisita, akanipa wiki moja ya majaribio. Nikapanda daladala mpaka Mabibo, kwenye soko liitwalo Mahakama ya Ndizi, saa kumi na moja alfajiri, fimbo mkono mmoja na maiki mkono mwingine. Sikuanza kwa kusema bei. Nilipiga magoti nikaiweka maiki karibu na ardhi pale malori yanaposhusha, nikarekodi mkungu mmoja ukitua, kisha wa pili, kisha mwanamke akisema "huo haujakomaa, urudishe". Nilikata kabla ya "urudishe", nikasikiliza, nikaurudisha. Ndiyo sauti iliyofungua taarifa ya asubuhi ile.